Majengo Yamebomolewa, Majengo Imebomolewa: Kuusoma Mtaa kwa Miguu

Utangulizi

Tuanze na sentensi mbili:

(a) Majengo yamebomolewa.
(b) Majengo imebomolewa.

Mwanafunzi wa sarufi atasema mara moja kwamba katika (a) nomino imo katika ngeli ya LI-YA, nayo yanayorejelewa ni kuta na mapaa. Katika (b) nomino ile ile imekuwa jina la mahali, na upatanisho wake ni wa umoja, sawa na tusemavyo "Nairobi imepanuka" au "Siakago imekua". Kinachorejelewa hapa ni mtaa mzima: nyumba pamoja na majirani, misikiti, madeni ya dukani, mizaha ya vijana na usemi wa wazee. Tofauti kubwa kiasi hiki imebebwa na viambishi viwili vidogo, ya- na i-.

Makala haya yanadai kwamba mitaa ya wafanyakazi mijini hubadilika kwa namna hizo mbili, na kwamba namna ya pili si lazima iifuate ya kwanza. Majengo yanaweza kubomolewa na Majengo ikasalia. Aidha, Majengo inaweza kufa huku majengo yakiongezeka na kurefuka. Njia mojawapo ya kutambua lipi limetokea ni kuupita mtaa kwa miguu, masikio yakiwa wazi, na kuyasoma majina yake. Mfano wetu ni mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Tunaifikia kwa njia aijuayo kila mwanafunzi atokaye Siakago, kisha tutarejea Siakago kuuliza maswali yale yale.

Kwa nini kwa miguu?

Ramani huonyesha jina lililoidhinishwa. Matatu hutangaza jina la kituo. Mwenda kwa miguu husikia majina mengine: ya uchochoro, ya kisima kilichozibwa, ya ukuta ambapo vijana huketi. Hayo ndiyo yanayopotea kwanza, kwa sababu hayajaandikwa popote. Tena mwenda kwa miguu anaweza kusimama, akaamkia, akauliza "Kwa nini panaitwa hivi?" na kujibiwa na watu watatu kwa majibu matatu yasiyolingana.

Pana adabu ya kuzingatiwa. Katika mitaa ambayo imewahi kubomolewa, mgeni mwenye daftari na kalamu hudhaniwa kuwa mpima ardhi, na upimaji aghalabu hutangulia tingatinga. Mtafiti atangulize salamu, ajitambulishe, aeleze shabaha yake, wala asipige picha ya mlango wa mtu bila idhini. Mzee akinyamaza, kunyamaza huko nako ni jibu la kuheshimiwa.

Kutoka Pangani hadi Kariokor

Msafiri wa Siakago, akiisha kupita Embu na Thika, huingia Nairobi kwa Barabara ya Thika. Miongoni mwa majina ya mwisho kabla ya katikati ya jiji ni Pangani. Jina hili lina ndugu yake mzee: mji wa Pangani ulio kwenye mlango wa mto wa jina hilo, mkoani Tanga, Tanzania. Haikuwa ajabu jina la pwani kufika bara. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, iliwakuta na kuwaleta wapagazi, askari, wafanyabiashara na mafundi waliozungumza Kiswahili. Waafrika wa mji huo mchanga waliishi katika vijiji vilivyoitwa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Yote ni majina ya Kiswahili, katika mji uliozungukwa na Wamaasai na Wakikuyu. Serikali ya kikoloni iliviona vijiji hivyo kama uchafu wa mji, ikavibomoa kimoja baada ya kingine. Pangani ndicho kilichodumu zaidi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1930.

Leo hatuna mtaa wa Nairobi uitwao Maskini. Pangani, kwa upande mwingine, lingali jina hai, ijapokuwa wale waliokiishi kijiji kile waliondolewa. Kizazi kilichofuata kilipata huko nyumba za kupanga za halmashauri, nazo pia zimebomolewa katika mpango wa hivi karibuni wa kuinua ghorofa. Mahali pamoja pamebomolewa mara mbili katika muda usiotimia miaka mia moja, na jina halijabadilika hata herufi. Hapa jina limesalia bila watu wake. Mtafiti asilichukulie jina kuwa ushahidi kwamba jamii ipo.

Tukiteremka kwa miguu kupitia Ngara tunafika Kariokor, sokoni panapouzwa vyondo na viatu vya ngozi. Jina hili limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza (1914–1918), ambacho wanaume wengi wa Afrika Mashariki walilazimishwa kujiunga nacho, na makumi ya maelfu yao hawakurudi nyumbani. Dar es Salaam, matamshi ya jina hilo hilo yalizaa Kariakoo. Neno moja la kigeni limetoholewa kwa njia mbili, na miji miwili imelihifadhi. Wapagazi waliokufa hawana makaburi yenye majina, lakini kila mnunuzi aendaye sokoni hukitaja kikosi chao bila kujua.

Pumwani, yaani Majengo

Kutoka Kariokor, Mtaa wa General Waruinge unatupeleka Pumwani. Mahali hapa palitengwa na utawala wa kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili wakazi wa vile vijiji vilivyobomolewa wakusanywe pamoja. Wenye nyumba walipewa vibali vya muda, si hatimiliki. Wakajenga kwa fito na udongo, wakaezeka kwa mabati ya madebe, wakifuata ramani ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake waliojitafutia mali yao wenyewe mjini, jambo lililofafanuliwa kwa kina na mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha mwaka wa 1990.

Rasmi mahali hapa ni Pumwani. Wenyeji wengi husema Majengo. Pumwani ni la kuvutia kimofolojia: mwishoni tunaona kiambishi cha mahali -ni, kama katika Kaburini, na mwanzoni tunasikia mwangwi wa pumua, pumu na pumzika. Wapo wasemao palikuwa pahali pa kupata pumzi baada ya kuhamishwahamishwa. Maelezo hayo ni mazuri mno, na uzuri huo uwe sababu ya kuyachunguza. Majengo nalo ni neno la kawaida kabisa, jenga > jengo > majengo, ambalo limekuwa jina la mtaa wa aina hii katika miji mingi ya Kenya na Tanzania. Waliopewa kibali cha muda walijiita kwa tendo lao: sisi ndio tuliojenga.

Leo nyumba za udongo zimepungua na ghorofa zimeongezeka. Pembeni pana mtaa uitwao California, ambao sasa ni jina la wadi katika eneo bunge la Kamukunji. Ukiyapanga majina haya kwa vizazi utaona mwelekeo wa macho ya watu: Pangani lilitazama pwani, Majengo lilitazama kazi ya mikono, California linatazama ng'ambo. Hata Embu mjini pana mtaa uitwao Dallas.

Gikomba na Kamukunji

Kusini mwa Majengo tunaingia Gikomba, soko la nguo za mitumba, mbao na samaki. Hapa somo ni la semantiki. Mtumba ulikuwa mzigo au furushi lililofungwa. Leo ni nguo yenyewe iliyovaliwa na mwingine. Nguo bora inayochaguliwa kwanza pindi mzigo unapofunguliwa huitwa kamera. Soko hili limeungua mara nyingi na kila mara likasimama upya. Mwaka wa 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, Serikali ilibomoa makazi na vibanda vingi kandokando ya mito ya Nairobi, na wakazi wa maeneo ya mabondeni wakatawanyika.

Karibu na hapo pana uwanja wa Kamukunji. Tarehe 7 Julai 1990 watu walikusanyika kudai mfumo wa vyama vingi, wakatawanywa na polisi, na siku hiyo ikaitwa Saba Saba. Jina la uwanja huo limetoka nje ya mipaka yake: kila mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya anajua kamukunji ni nini, hata kama hajawahi kukanyaga uwanja wenyewe. Nomino ya pekee imekuwa nomino ya kawaida, yenye maana ya mkutano wa watu wanaotaka kusikilizwa. Hapa tuna kinyume cha Majengo: kule nomino ya kawaida ilipanda ikawa jina la mahali, huku jina la mahali limeshuka likawa la wote.

Shauri Moyo na Kaloleni

Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadhi ya waliobomolewa Pangani walihamishiwa huko. Masimulizi yanayorudiwa ni kwamba walioambiwa wahame waliachiwa uamuzi mchungu: kuhamia nyumba ambazo hawatazimiliki au kuondoka mjini; ni shauri la moyo wako. Masimulizi haya yanaingiana vyema na historia. Hata hivyo, Zanzibar nako kuna Shaurimoyo, na Dar es Salaam pia. Huenda jina lilisafiri kama Pangani, na kisa kikazaliwa baadaye ili kulieleza.

Je, kisa kikipingwa kitupwe? La. Hata kama hakituelezi chanzo cha neno, kinatueleza jinsi waliohamishwa walivyoielewa hali yao. Kwa mtafiti, maelezo ya asili ya jina ni matini ya fasihi simulizi yenye msimulizi, hadhira na dhamira. Ayaandike yote mawili: jina lilikotoka, na watu wanavyosema lilikotoka.

Tukivuka Barabara ya Jogoo tunafika Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, yenye ua, miti na ukumbi wa kijamii uliosikia hotuba nyingi za siasa kabla ya uhuru. Jina lake nalo linapatikana pwani, katika Kaunti ya Kilifi. Mbele zaidi kuna Mbotela na Ofafa, mitaa iliyopewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi wa Kiafrika waliouawa mjini humo mwaka wa 1952 na 1953 mtawalia. Hayo ni majina ya kutoka juu, yaliyotolewa na utawala. Majengo lilitoka chini. Mtaa mzuri wa kusoma ni ule wenye majina ya aina zote mbili, kwa kuwa ndani yake tunasikia mabishano kuhusu nani ana haki ya kutaja.

Kurejea Siakago

Huenda msomaji akauliza: Siakago si jiji, yatuhusu nini? Siakago ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere iliyoanzishwa mwaka wa 1996. Ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, makao ya kaunti yakawa Embu mjini, na katika mwaka huo huo eneo bunge lililoitwa Siakago likawa Mbeere Kaskazini. Jina limepungua upana katika karatasi za Serikali. Je, limepungua pia katika vinywa vya watu? Swali hilo halijibiwi maktabani. Linajibiwa kwa kutembea kutoka sokoni hadi mahakamani, ukisikiliza.

Wala tusidhani maneno husafiri upande mmoja tu. Pangani na Kaloleni yalipanda kutoka pwani. Muguka, neno la nyumbani kwetu Mbeere, liliteremka likafika Mombasa, na mnamo Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku biashara yake, taifa zima lililitamka.

Hitimisho

Wapangaji wa Pumwani hawakupewa hatimiliki. Walichoweza kukimiliki ni majina, na visa vya kuyaeleza. Tingatinga halibomoi jina, lakini huwatawanya wanaojua kwa nini jina lipo, na mtu wa mwisho anayejua akiondoka, jina hubaki kama kaka la yai. Kazi hii haihitaji ruzuku wala mitambo. Inahitaji daftari, viatu imara na adabu. Basi tunaposikia kwamba majengo yamebomolewa, tusikimbilie kusema Majengo imebomolewa. Twende tukasikilize kwanza.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha "Pumwani imebadilika", "Pumwani kumebadilika" na "Pumwani pamebadilika". Je, wazungumzaji wa eneo lako hutofautisha maana?
2. "Shauri lako" ndiyo sanifu, lakini "shauri yako" ndiyo inayosikika zaidi. Jadili ukirejelea ngeli.
3. Tembea katika kituo kimoja cha biashara kilicho karibu nawe. Orodhesha majina kumi ya mahali yasiyo katika ramani, na kwa kila moja uandike angalau maelezo mawili ya asili yake kutoka kwa wazungumzaji wa vizazi tofauti.
4. Taja jina la mahali lililogeuka nomino ya kawaida, kama kamukunji, kisha ueleze hatua za mabadiliko ya maana yake.