Fedha za Serikali Hupimwaje?
Tangu mwaka 2013 Kwale ina serikali yake ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010 yaagiza kaunti zote pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa.

Katika kupima pato la nchi, mshahara wa muuguzi wa Msambweni huhesabiwa, maana ni kazi iliyotendwa. Na zahanati mpya vivyo hivyo. Lakini shilingi 2,000 za kila mwezi apewazo mzee wa Diani na Serikali ya taifa hazihesabiwi mpaka atakaponunua unga dukani. Zikihesabiwa mara mbili, nchi itadhaniwa tajiri kuliko ilivyo.

Basi kila mlipa kodi na atazame shilingi zilizotoka, na kitu zilichonunua.