Kupanga Foleni ya Mahindi kwa Programu: Anza na Ulinganisho

Mahindi yakianza kuingia Sumbawanga kutoka Laela, Matai na Namanyere, ghala huhitaji orodha: nani kaleta, magunia mangapi, unyevu kiasi gani, kafika saa ngapi. Ukiombwa kuandika programu ya kuipanga, usikimbilie amri ya kupanga. Andika ulinganisho kwanza. Ukikosea hapo, mkulima aliyewahi anarudishwa nyuma bila kujua sababu.

1. Swali moja, majibu matatu. Ulinganisho hupokea A na B, kisha hurudisha namba hasi A ikitangulia, sifuri zikilingana, chanya A ikifuata. Ndivyo zinavyofanya strcmp ya C na compareTo ya Java. PHP 7 ya mwaka 2015 na C++ ya 2020 zina alama yake, <=>. Python 3 iliondoa cmp, lakini unaweza kuiandika mwenyewe:

```
def linganisha(a, b):
    return (a > b) - (a < b)
```

Ipitishe kwenye cmp_to_key ya functools ili sorted iitumie.

2. Usilinganishe kwa kutoa. Katika C na Java jibu huwa namba kamili. Toa unyevu wa 13.9 kutoka 13.2 upate -0.7, ukiikata iwe namba kamili inabaki 0, na programu inadai mizigo miwili ni sawa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi 13.5%. Mzigo mmoja unafaa, mwingine unastahili kurudi kuanikwa.

3. Safisha data kabla ya kupanga. Magunia yakihifadhiwa kama maandishi, "100" hutangulia "95", kwa kuwa herufi ya kwanza ndiyo huamua. Yageuze kuwa namba. Tarehe iandikwe kuanzia mwaka: 2024-07-21. Saa ndiyo mtego mkubwa kwetu: aliyefika saa 12 asubuhi amemtangulia wa saa 1 asubuhi, ila kompyuta huona 12 ni kubwa kuliko 1. Hifadhi 06:00 na 07:00. Mkulima msomee saa anayoijua.

4. Shuka ngazi kwa ngazi. Linganisha tarehe, ukipata sifuri, linganisha saa, ukipata sifuri tena, linganisha namba ya tiketi. Ngazi ya mwisho iwe kitu kisichojirudia, ili wawili wasigombee nafasi moja.

5. Amua mapema kuhusu kisichopimwa. Ukipanga kwa unyevu, na usiojulikana ukawekwa kama NaN (yaani "si namba"), kitendakazi cha hapo juu hurudisha 0 kwa kila mzigo: unalingana na wa 13.2 na pia na wa 13.9. Mpangilio mzima unavurugika. Andika sharti la wazi: mzigo ambao haujapimwa uende mwisho.

6. Jaribu sheria tatu. A kwa A itoe 0. Ukibadilishana A na B, hasi iwe chanya. A ikitangulia B, na B ikitangulia C, basi A itangulie C.

Kisha kaa na mtunza ghala, mpitie orodha ya mizigo michache aliyoipokea mwenyewe. Akipinga hata mstari mmoja, usiuhamishe kwa mkono. Rekebisha ulinganisho, upange upya, mpaka foleni ya kwenye kompyuta iwe ileile waliyopanga wakulima mlangoni.