Spika za Vyumba Vingi: Kwa Nini Sauti Hukatika, na Namna ya Kuitibu

Spika ya sebuleni ikipiga peke yake, muziki hauna tatizo. Ikiunganishwa na ya jikoni, ya chumbani na ya barazani ili zote zipige wimbo mmoja, mambo huharibika: ya jikoni inanyamaza kidogo, inarudi, kisha ya chumbani nayo inapotea. Wengi hapo hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, na kijitabu hiki kimeandikwa ili isipotee.

Hesabu inaonyesha sababu. Muziki wa ubora wa CD ambao haujabanwa una sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli ina biti 16, na chaneli ni mbili, ya kushoto na ya kulia. Jumla yake ni takriban megabiti 1.4 kwa sekunde. Faili la MP3 la ubora wa juu kabisa ni kilobiti 320 tu, yaani chini ya robo ya hapo. Intaneti inayoweza kuonyesha filamu bila kukwama haishindwi na mzigo huo.

Mzigo huzaliana ndani ya nyumba. Katika mfumo wa Sonos, kampuni ya California iliyoanza kuuza vifaa vyake vya muziki wa vyumba vingi mwaka 2005, spika moja ya kundi huwa kiongozi: ndiyo inayopokea wimbo kutoka intaneti na kuzigawia nyingine. Zinapotumia Wi-Fi ya ruta, spika hazipeani sauti moja kwa moja. Kila kipande hupelekwa kwanza kwa ruta, kisha ruta hukifikisha kinakokwenda. Kwa hiyo kundi la spika nne hurusha wimbo uleule hewani mara saba: mara moja kutoka ruta hadi kwa kiongozi, mara tatu kutoka kwa kiongozi kurudi ruta, na mara tatu tena kutoka ruta hadi kwa zile tatu zilizobaki. Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi vifaa hupokezana zamu. Kimoja kikituma, vingine vinasubiri. Simu, televisheni na kompyuta za nyumbani zimo katika foleni hiyohiyo.

Ndiyo maana kebo moja ya mtandao hufanya kazi kubwa kuliko kifurushi kipya. Spika kiongozi ikichomekwa kwenye ruta, safari nne za hewani zinaondoka na kubaki tatu. Hakuna haja ya kutoboa kuta: huchaguliwa spika iliyo karibu na ruta, na kundi huanzishwa kutoka kwenye spika hiyo ili ishike uongozi. Kuna jambo moja la kuangalia. Spika za Sonos za miaka ya nyuma zikipata kebo huwasha mtandao wao wenyewe, SonosNet, katika masafa ya gigahezi 2.4. Chaneli ya mtandao huo ipangwe mbali na ya ruta. Ruta ikiwa chaneli 1, SonosNet iwe 6 au 11. Era 100 na Era 300, zilizotoka mwaka 2023, hazitumii SonosNet.

Lakini kwa nini spika inyamaze badala ya kuchelewa kidogo tu? Kwa sababu kuchelewa kungeudhi zaidi. Kila spika ina saa yake ya kioo cha kwatzi, na saa mbili hazilingani kamwe. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni huzitenganisha kwa milisekunde 3 kila dakika. Baada ya nusu saa wimbo ungesikika kama mwangwi. Hivyo spika hurekebishana saa muda wote, na kila moja huweka akiba ndogo ya sauti. Akiba ikiisha kabla kipande kinachofuata hakijafika, spika hukaa kimya mpaka iwafikie wenzake. Kimya hicho ni dalili kwamba hewa imejaa au imevurugwa.

Mvurugaji anayejulikana zaidi yuko jikoni. Jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, katikati ya masafa ya Wi-Fi ya 2.4, na mlango wake hauzuii mawimbi yote. Sauti ikikatika chakula kinapopashwa tu, jibu limepatikana: spika isogezwe, au ihamie gigahezi 5 kama ina uwezo huo. Asiyetiliwa shaka ni diski ya nje ya USB 3.0 iliyowekwa ubavuni mwa ruta. Intel ilichapisha waraka mwaka 2012 kueleza jinsi kifaa cha aina hiyo na waya wake vinavyotoa kelele ya redio katika masafa ya 2.4.

Kuta nazo zina usemi wake. Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufikia unene wa nusu mita, na gigahezi 5 huchoka humo haraka kuliko 2.4. Zege lenye nondo, friji na kabati la chuma huzuia pia. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni inastahili kuhamishiwa mahali pa wazi, juu ya kimo cha mtu.

Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote huamka pamoja, na mara nyingine viwili hujikuta na anwani moja ya mtandao. Hapo spika zote zichomolewe, ruta iwashwe kwanza na kuachwa dakika tatu, kisha spika zirudishwe moja baada ya nyingine.

Kosa likibaki, lipo jaribio lisilogharimu kitu. Spika inayosumbua ibadilishane nafasi na ile iliyo nzima. Kukatika kukihama pamoja na spika, kifaa ni kibovu na kipelekwe dukani pamoja na risiti wakati dhamana haijaisha. Kukibaki katika chumba kilekile, kinachotafutiwa dawa ni chumba: ruta isogezwe, au kebo ivutwe hadi huko.