SOMO LA WAZAZI: MTOTO ANAVYOJIFUNZA HESABU, KUTOKA KOKOTO HADI ALJEBRA



Kila mwisho wa muhula, matokeo yakishasomwa, wazazi wanatujia na neno moja: "Mtoto wangu hana kichwa cha hesabu." Wengine wamekwisha kuamua. Msichana abaki nyumbani amsaidie mama, mvulana aende sokoni kubeba mizigo. Kabla hujaamua, soma karatasi hii, au mwombe mtu akusomee. Tunataka uone njia anayopita mtoto tangu kutambua wingi wa vitu hadi kufika aljebra, ili upate kujua mahali mtoto wako alipokwama. Mara nyingi hakukwama pale mwalimu alipotia alama nyekundu. Alikwama nyuma, labda miaka mitatu iliyopita, labda siku ile mlipokimbia na darasa likaendelea bila yeye.

MTOTO MDOGO ANAJUA NINI?

Mtoto hazaliwi mtupu. Mwaka 1992, huko Marekani, mtaalamu Karen Wynn alieleza jaribio lake kwa watoto wa miezi mitano tu. Mtoto anaonyeshwa mwanasesere mmoja. Pazia dogo linamficha. Kisha mtoto anaona mkono ukipeleka mwanasesere wa pili nyuma ya pazia. Pazia likiondolewa na akaonekana mmoja peke yake, mtoto anakodoa macho muda mrefu kuliko akiwakuta wawili. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani mtoto huyo anaelewa, lakini mama yeyote aliyemnyang'anya mtoto andazi moja kati ya mawili anajua jambo hili bila jaribio.

Kuhesabu kwa maneno huja baadaye, na hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtoto wa miaka mitatu anataja moja hadi kumi bila kosa, nasi tunafurahi. Lakini ule ni wimbo. Mwekee maharage saba, mwambie ahesabu, kisha muulize: "Yako mangapi?" Akianza tena kuhesabu kutoka moja, ujue hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jina la fungu zima. Usimkemee. Mpe maharage kila siku, kwa muda mfupi, naye ataelewa.

Jambo jingine lilielezwa na Jean Piaget wa Uswisi pamoja na Alina Szeminska katika kitabu chao cha mwaka 1941. Panga mistari miwili ya kokoto, sita kwa sita, ikiwa sawa. Mtoto wa miaka minne au mitano atakubali kwamba ni sawa. Sasa tanua mstari mmoja uwe mrefu. Wengi wa umri huo watasema ule mrefu una kokoto nyingi zaidi. Si ujinga, ni umri. Mtoto akigusa na kupanga vitu mara nyingi, yeye mwenyewe atakuja kukucheka ukimuuliza swali hilo.

Tena usimkataze mtoto kutumia vidole. Watu wa kwetu wamehesabu kwa alama tangu zamani sana. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata kifupa chenye mikato huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Kina umri wa miaka kama 20,000, na leo kimehifadhiwa Brussels. Mikato imepangwa kwa mafungu: upande mmoja 11, 13, 17 na 19, upande mwingine 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila upande, utapata 60. Aliyekata alikuwa akihesabu nini, watu hawajaafikiana. Lakini basi, vidole vya mtoto wako visikutie aibu.

MAJINA YA NAMBA YANAVYOWEZA KUMPOTEZA MTOTO

Hapa nitasema habari zangu. Nilifika Bujumbura nikiwa na miaka kumi, familia ikapanga chumba Kinanira. Nilikuwa nimekosa shule mwaka mmoja na nusu. Nyumbani tulihesabu kwa Kiswahili chetu: makumi mbili, makumi tatu. Watoto wa jirani walihesabu kwa Kirundi, nao wanasema vilevile, mirongo ibiri, mirongo itatu, yaani kumi mbili, kumi tatu. Lugha hizi zinamwonyesha mtoto makumi yalipo. Kumi na moja ni kumi, na moja. Lakini Kifaransa kinasema onze, na kumi haionekani ndani yake.

Siku moja mwalimu alitusomea namba tuandike. Akasema quatre-vingts. Mimi nikasikia nne, kisha ishirini, nikaandika 420. Ilitakiwa 80. Darasa likacheka, nami nikapata sifuri, na mwisho wa mwaka nikarudia darasa. Afadhali kwetu Kongo na hapa Burundi tunasema septante na nonante kama Wabelgiji, maana mtoto akipata kitabu cha Ufaransa anakuta 70 inaitwa sitini na kumi, na 90 inaitwa ishirini nne na kumi!

Basi mtoto wako akikosa, muulize kwanza kwa lugha ya nyumbani. Akijibu vizuri kwa Kiswahili na kukosa kwa Kifaransa, hesabu anaijua. Kinachomshinda ni majina, na majina hufundishwa kwa wiki chache.

SOKO NI DARASA

Aliyeniokoa ni mama mmoja jirani pale Kinanira, aliyekuwa akiuza nyanya na mkaa mbele ya nyumba. Hakuwahi kuingia darasani. Alinipa kazi ya kupanga nyanya mafungu ya tano tano na kurudisha chenji. Mafungu saba ya faranga 300 ni 2,100. Mteja ametoa 5,000. Mama huyo hakutoa kama shuleni, alipanda: kutoka 2,100 hadi 3,000 ni 900, kutoka 3,000 hadi 5,000 ni 2,000, chenji ni 2,900. Baada ya miezi michache nilikuwa nafanya hivyo kichwani, na daftarini nikaanza kupata.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliandika habari za watoto watano wa mji wa Recife, wenye miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza vitu mitaani. Walipoulizwa maswali sokoni kama wateja wanavyouliza, walipata 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna ileile kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala ndimu, walipata 37 tu katika 100. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, moja ikiwa 35. Alisema: tatu ni 105, tatu tena 210, akaendelea hadi 315, akaongeza moja, 350. Shuleni angeambiwa aongeze sifuri tu. Yeye alifuata njia anayoielewa.

Sisemi mtoto aache shule akauze. Nasema mtoto anayepanga foleni ya mgao na kujua kwamba watu sita kwa vikombe vitatu ni vikombe kumi na vinane, huyo tayari anafanya kuzidisha. Kazi iliyobaki ni kumwonyesha kwamba alama zile za ubaoni zinasema jambo hilohilo. Msichana anayekwenda kwenye mgao badala ya darasani anaweza kuwa mbele ya kaka yake, na hakuna aliyemuuliza.

ALJEBRA

Watu wanaiogopa kwa sababu ya herufi. Lakini shida huanza kabla ya herufi, kwenye alama ya sawasawa. Mwandikie mtoto hivi: 8 + 4 = ... + 5. Aweke namba gani? Wengi wanaandika 12, wengine wanajumlisha vyote na kuandika 17. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba huko Marekani wanafunzi wa darasa la sita, karibu wote, walikosa namna hiyo. Jibu ni 7. Mtoto amezoea kwamba alama hiyo maana yake ni "andika jibu". Hakuambiwa kwamba ni mizani.

Basi tumia mizani. Upande mmoja kuna mifuko miwili ya maharage yenye uzito sawa, na jiwe la kilo 3. Upande wa pili kuna mawe ya kilo 11, na mizani imelala sawa. Ondoa kilo 3 huku, ondoa kilo 3 kule. Inabaki mifuko miwili kwa kilo 8. Kila mfuko ni kilo 4. Umekwisha kufanya aljebra! Mwalimu anaandika 2x + 3 = 11, na x ni ule mfuko ambao hatujaufungua.

Neno lenyewe latoka kwa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake Baghdad yapata mwaka 820. Al-jabr kwa Kiarabu ni kurudisha kitu mahali pake, na hutumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Mtoto wa sekondari akishindwa aljebra, rudi nyuma hatua kwa hatua. Mpe swali la 8 + 4. Akishindwa, mpe kuzidisha na kugawa kwa vitu vya mkononi. Akishindwa tena, muulize makumi na mamoja katika 47, kwa lugha ya nyumbani. Pale atakapojibu bila hofu, anzia hapo, hata kama ni somo la darasa la pili naye ana miaka kumi na minne. Asifanyiwe mbele ya wadogo zake. Kwa wale waliovuka Rusizi Februari 2025 na kukaa muda mrefu bila darasa, hili ni la lazima kabla ya mtoto kupangiwa darasa kwa umri.

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya yote haya isipokuwa kuandika, na hilo kaka au jirani atasaidia. Anayetaka kuonyeshwa mchezo wa kokoto na mizani ya kijiti amwone mfanyakazi wa jamii wa mtaa wake. Aje na mtoto, na maharage kiganja kimoja. Atarudi nayo.