Deni Hili ni la Nani?

Watu wengi wakisikia kwamba mke amedhulumiwa na mumewe, hufikiri mara moja habari za fimbo na ngumi. Iko dhuluma nyingine isiyoacha alama mwilini, na kwa hiyo majirani hawaioni, na hata sisi mapadre mara nyingine twachelewa kuitambua. Ni ile ya mwanamume ashikaye kila shilingi ya nyumba. Mavuno huyauza yeye, fedha huzitia katika simu yake, na mke aliyelima na kupalilia hana budi kuomba bei ya chumvi, tena aeleze chumvi ya juzi imekwenda wapi. Mke wa namna hiyo akiondoka, huondoka mikono mitupu. Afadhali ingekuwa mitupu kweli; maana mara nyingi huondoka na madeni.

Somo la juma hili twalitoa kwa ajili ya mama huyo, na kwa ajili ya ndugu zake pia, kwa kuwa wao nao wana sehemu yao katika jambo hili.

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani tumjuaye. Tumeutunga kutokana na mambo ambayo mkazi yeyote wa Nyanda za Juu Kusini atayatambua. Mama huyu aliishi Uyole, karibu na mji wa Mbeya, katika nyumba ya wakulima wa viazi. Wakopeshaji wa vikundi hupenda kuwakopesha wanawake, maana wanawake hurejesha, na wenzao kikundini huwadhamini. Mume alilijua hilo. Akamtuma mkewe ajiunge na kikundi, akope shilingi 600,000, azilete nyumbani. Akazileta. Mume akaongeza fedha zake kidogo, akanunua pikipiki ya bodaboda, ikaandikwa jina lake peke yake. Kutafuta marejesho ya kila juma ikawa kazi ya mama. Juma aliposhindwa, akakopa 150,000 kwa mmoja wa wale wakopeshaji ambao watu wamewaita kausha damu, na jina hilo kweli linawafaa. Mwisho akawachukua watoto wake watatu, akapanda basi hadi Mafinga kwa kaka yake. Juma la pili simu zikaanza kulia.

Kabla ya kusema habari za fedha, tujibu swali linalomkosesha mama huyu usingizi kuliko simu zile: je, amekosa kwa Mungu kwa kuondoka? Ndoa halali ya Wakristo haivunjwi na kutengana. Lakini Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, zakubali kwamba mwenzi akimtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, au akifanya maisha ya pamoja kuwa magumu kupita kiasi, yule aliyeonewa ana sababu ya haki ya kutengana naye. Kanuni inayofuata yataka watoto wapate daima riziki na malezi yawapasayo. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba mara nyingine kutengana hakuepukiki, nako huwa ni wajibu, ili kuwaokoa walio dhaifu. Basi mama huyu asinyimwe nafasi yake katika jumuiya, wala asinong'onwe mlangoni mwa kanisa.

Sasa twende kwenye deni. Deni la kikundi lina nyuso mbili, na makosa mengi hutokea kwa sababu watu hutazama uso mmoja tu.

Uso wa kwanza ni ule unaomwelekea mkopeshaji. Hapo hatuna la kumfariji mama: aliyetia sahihi ndiye mdeni, hata kama fedha hakuzila. Ni vibaya kumdanganya kwamba, kwa kuwa mume ndiye aliyezitumia, yeye hana la kulipa. Tena tukumbuke ni nani anayeumia. Si mkopeshaji kwanza. Ni wale wanawake wenzake waliomdhamini, ambao juma hili wametoa fedha za mboga zao kuliziba pengo lake. Wao si adui zake.

Uso wa pili ni ule unaomwelekea mume, nao wasahauliwa mno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, yaiagiza mahakama inapogawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Itazame mahitaji ya watoto wadogo. Tena itazame madeni ambayo mmoja wao aliyachukua kwa faida ya wote wawili. Kwa hiyo zile 600,000 zilizozaa pikipiki haziwezi kuwa deni la mke peke yake huku pikipiki ikiwa mali ya mume peke yake. Mama ana haki ya kuviweka vyote viwili mbele ya hakimu, pikipiki na deni lake.

Hapa wanawake wengi Wakatoliki hukwama. Hufikiri kwamba ili mali igawanywe hapana budi waombe talaka, na kwa kuwa dhamiri yao yaikataa talaka, huacha kila kitu. Sivyo. Kifungu hicho chasema waziwazi kwamba mahakama yaweza kugawanya mali inapotoa amri ya kutengana, si inapotoa talaka tu. Laiti jambo hili lingesemwa katika kila mafundisho ya ndoa parokiani!

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ikasema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Hukumu hiyo imewafaa wanawake wengi tangu wakati huo. Wachache wakumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba: mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara, naye akazitumia ovyo. Twaitaja habari hii si kwa kumsema vibaya mama wa watu, bali kwa sababu yaonyesha kwamba mahakama huuliza fedha ilikwenda wapi. Mke ambaye fedha zilipita mikononi mwake kwa saa moja tu, zikaenda kwa mume, yampasa aweze kulionyesha hilo: ujumbe wa simu, shahidi aliyekuwapo, tarehe ya mkopo na tarehe ya kununua pikipiki.

Matunzo ya watoto ni jambo jingine, wala halingojei shauri la ndoa. Kwa miaka mingi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kuamriwa matunzo ya shilingi 100 kwa mwezi, kiasi kilichobaki katika vitabu vya sheria hata kilipokuwa hakinunui kitu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta sheria hiyo, na sasa hakimu hupima uwezo wa mzazi na haja ya mtoto. Mama aanze kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na kama kuna nyumba ya ndoa kule Uyole, mume hana ruhusa ya kuiuza wala kuiweka rehani bila idhini yake. Mama aweza kuomba zuio liandikwe ili kuilinda. Asiyeweza kumlipa wakili awaulize wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao imewekewa utaratibu na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Lakini mahakama huchukua miezi, na mdai ataka leo. Mama afanyeje?

Anunue daftari. Aandike kila deni: la nani, kiasi gani kilikopwa, kiasi gani kimelipwa, riba gani. Kwa mama wetu tuseme limebaki la kikundi 420,000, la kausha damu 150,000, na la duka 38,000. Jumla ni 608,000. Jumla hiyo yatisha, lakini kausha damu ndiye anayemwangusha. Huyu hudai 45,000 kila mwezi kwa riba tu, na mtaji haupungui hata shilingi. Miezi tisa ya namna hiyo ni 405,000, na zile 150,000 ziko palepale. Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni; kwa kikomo hicho riba ya mwezi ingekuwa 5,250. Mkopeshaji asiye na leseni anavunja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mama asiogope kuomba kuiona leseni hiyo. Wengi wao wakiulizwa hivyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hukubali upesi kupokea mtaji wao na kunyamaza.

Na hapo ndipo kaka wa Mafinga anapoingia. Ndugu wengi husaidia kidogo kidogo: leo debe la mahindi, kesho elfu tano. Ni wema, lakini deni lile hulila lote. Afadhali kaka auze mbuzi wawili mara moja, amlipe kausha damu mtaji wake mbele ya mashahidi, apewe karatasi. Mama atakapokuwa amepata kibarua cha kuchuma chai huko Mufindi, au amekaa na maandazi yake stendi, atamrudishia kaka yake polepole, bila riba.

Wako ndugu ambao, badala ya kuuza mbuzi, humhimiza dada yao arudi, wakihofu habari za mahari. Zamani huko Unyakyusa mahari ilikuwa ng'ombe, na mke alipoondoka ng'ombe walidaiwa. Basi baba na kaka walikuwa na sababu yao wenyewe ya kumrudisha. Twawaomba wazee wajichunguze kama ushauri wao wautoa kwa ajili ya binti au kwa ajili ya zizi.

Kwa kikundi, mama ampigie simu mwenyekiti kabla hajatafutwa. Aseme yuko wapi, kwa nini aliondoka, na kwamba ataleta 25,000 kila mwezi. Kwa kiasi hicho 420,000 zitakwisha katika mwezi wa kumi na saba, mradi kikundi kimwombee kwa mkopeshaji asiongezewe faini. Asiahidi 60,000 kwa aibu, kisha ashindwe mwezi wa pili. Wala asikope pengine ili alipe hapa. Hata mikopo ya halmashauri isiyo na riba, iliyositishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, ni ya vikundi vyenye kazi ya kuzalisha, si ya kuzibia deni la zamani. Chakula, kodi ya chumba na madaftari ya watoto vitangulie kutengwa kabla ya mdai yeyote.

Na kila anapolipa adai risiti, au autunze ujumbe wa simu, aubandike katika daftari lile kwa tarehe yake. Siku ya shauri atakapoulizwa ni nani aliyelipa deni la pikipiki, alifungue mbele ya hakimu.