Wodi Moja, Dawa Moja, Matokeo Mawili: Jeni na Saratani ya Kichwa na Shingo

Safari hii nimeombwa darsa ya afya, ilhali mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa udaktari. Nimekubali kwa sababu jambo lenyewe lilitukuta nyumbani.

Mwaka juzi baba mdogo, mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu, alianza kupata shida ya kumeza, na vipimo vikaonyesha saratani ya koo. Kitanda cha pili wodini alilala mzee mmoja aliyevuta sigara tangu ujana. Ugonjwa ulikuwa mahali pale pale na dawa zilikuwa zile zile: dripu ya sisplatini na fluorourasili kwanza, mionzi baadaye. Mzee alipita mzunguko wa kwanza akilalamikia kichefuchefu tu. Baba mdogo, ambaye hajawahi kugusa sigara, mdomo wake ulichubuka wote kwa ndani, akaharisha mpaka akashindwa kusimama, na chembe nyeupe za damu zikashuka hadi akahamishiwa chumba cha peke yake.

Maneno yakaanza. Wapo waliosema ni hasadi. Wapo waliosema aache dawa za hospitali abaki na ruqya. Na yupo aliyeuliza kwa sauti ya chini ni dhambi gani inayolipwa. Simtaji, lakini nakiri kwamba swali lile lilipita hata moyoni mwangu.

Daktari alitupa jibu lingine: huenda mwili wake hauwezi kuivunja dawa hii, na huenda amezaliwa hivyo. Neno hilo ndilo lililonipeleka maktaba.

Tunaposema jeni zinaathiri matokeo ya mgonjwa, tunazungumzia mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna jeni alizozaliwa nazo mtu, zilizomo katika seli zake zote, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Na kuna mabadiliko yaliyotokea ndani ya uvimbe tu, baada ya miaka ya moshi au pombe. Haya ya pili hakuzaliwa nayo wala hatawarithisha watoto wake. La kwanza ni tabia ya mwili wa mgonjwa, la pili ni tabia ya ugonjwa wenyewe.

Nianze na la kwanza. Ini hutengeneza kimeng'enya kinachovunja zaidi ya asilimia 80 ya fluorourasili inayoingia mwilini, na maelekezo ya kukitengeneza yamo katika jeni iitwayo DPYD. Mtu akiwa na nakala moja yenye kasoro, dawa inakaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na kipimo cha kawaida kwake kinakuwa kipimo cha kupita kiasi. Mtu huyo huanzishiwa takriban nusu ya dozi. Mwenye kasoro katika nakala zote mbili hapewi kabisa, kwani inaweza kumuua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza dawa hii. Lakini kasoro nne zinazopimwa zaidi zilichaguliwa kwa kuwatazama watu wenye asili ya Ulaya. Ipo nyingine inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, na kipimo cha zile nne hakiioni. Kwa hiyo Mwafrika anaweza kupimwa, akaambiwa yuko salama, kisha akaumia. Hilo liliniuma nilipolisoma, nami natamani ndugu zetu wa kitivo cha tiba walifanyie utafiti.

Baba mdogo hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba jeni hiyo ndiyo sababu. Ninachojua ni kwamba mzunguko wa pili daktari alipunguza dozi, na aliuvuka.

Sasa jambo la pili, jeni za uvimbe. Katika seli zetu kuna jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: seli ikiharibika, inaisimamisha irekebishwe au inaiua. Katika saratani za kichwa na shingo ndiyo jeni inayoharibika mara nyingi kuliko zote, na moshi wa tumbaku ni mmoja wa waharibifu wake wakubwa. (Shisha nayo ni tumbaku, enyi wa hosteli.) Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 420 waliofanyiwa upasuaji. Zaidi ya nusu walikuwa na mabadiliko katika TP53, na wale ambao jeni hiyo ilivurugika vibaya waliishi muda mfupi zaidi. Yule mzee wa kitanda cha pili, aliyezivuka dawa bila taabu, uvimbe wake ulirudi kabla ya mwaka. Allah amrehemu.

Kisha kuna saratani za koo, hasa za eneo la mafindofindo na shina la ulimi, zinazoletwa na virusi vya HPV. Hapa virusi huifunga mikono TP53 bila kuiharibu jeni yenyewe, na uvimbe wa namna hii husikia dawa na mionzi vizuri zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 82.4 ya wenye HPV walikuwa hai, na wasio nayo ni asilimia 57.1. Matumaini yalipanda kiasi kwamba watafiti wakajaribu kuwapa wenye HPV dawa nyingine badala ya sisplatini, wakitaraji kuwapunguzia madhara. Mwishoni mwa 2018 majibu yakatoka: madhara makali hayakupungua, na waliobadilishiwa dawa walifariki wengi zaidi.

Najua kinachofuata baadhi yetu tukisikia HPV huenea kwa kujamiiana: tunaanza kuhesabu zina. Turudi kwenye fiqhi yetu. HPV huwapata watu wengi mno, hukaa mwilini miaka bila dalili, na mke au mume mwaminifu huweza kuipata ndani ya ndoa halali. Sharia imetaka mashahidi wanne kwa tuhuma ile, na ikaweka adhabu kwa anayetuhumu bila wao. Kipimo cha maabara si shahidi.

Na wanaodhani kutofautisha wagonjwa ni uzushi wa wazungu, wasome sehemu ya tiba katika Zad al-Ma'ad. Ibn al-Qayyim anaorodhesha mambo ishirini ambayo tabibu hodari huyaangalia, na miongoni mwake ni nguvu za mgonjwa, maumbile ya mwili wake na umri wake. Hakujua jeni, lakini alijua kwamba dozi ya Zaidi si lazima iwe dozi ya Amri. Mtume (s.a.w.) naye alipoulizwa na mabedui kama watafute tiba, aliwaambia watafute.

Nisiwadanganye kwamba jeni ni kila kitu. Zipo nyingine zilizotajwa katika tafiti ndogo, kisha tafiti kubwa hazikuziona. Na hapa Uganda wengi hufika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini, iliyokuwa Mulago, iliharibika, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Kwa mgonjwa wa miezi ile, habari za jeni zilikuwa za mbali sana. Kidonda cha mdomo au sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, nenda ukaangaliwe.

Baba mdogo yu hai. Haadhini tena, sauti imebaki ya kukwaruza, lakini safu ya kwanza haimkosi. Daktari alimweleza mama mdogo kwamba kama kweli mumewe ana nakala moja yenye kasoro, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Mama mdogo alinunua kalamu nyekundu, akaandika juu ya daftari la kliniki la kila mmoja wa watoto wake watano: baba yangu alizidiwa na fluorourasili, nipimwe kabla ya kupewa hiyo au kapesitabini. Mmoja wao tunasoma naye hapa chuoni, na daftari lake anatembea nalo kwenye begi.