SOMO LA AFYA: PUNJE ZENYE KUVU SI CHAKULA CHA MTOTO

Msimu wa mauzo ufikapo, mkulima huchambua mahindi na karanga zake kwa uangalifu ili mzigo usikataliwe kwenye mizani ya chama. Punje safi huingia gunia la kuuza. Zilizosinyaa, zilizobunguliwa au kubadilika rangi hubaki nyumbani, nazo mara nyingi ndizo zisagwazo kuwa unga wa uji wa mtoto. Hapo ndipo penye hatari.

Punje hizo huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu iotayo katika mazao yenye unyevu. Sumu hiyo huharibu ini. Haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kusaga na kuchemsha. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 maradhi hayo yalizuka nchini Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yakaua watu.

Mtoto huathirika upesi kwa kuwa mwili wake ni mdogo, naye hula uji ule ule kila siku. Hadi atimize miezi 6, maziwa ya mama peke yake humtosha. Aanzapo kula, familia izingatie haya:

1. Mazao yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo.

2. Ukavu wa mahindi upimwe. Punje na chumvi kavu zitiwe katika chupa kavu na kutikiswa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka.

3. Magunia yapangwe juu ya vichaga, mbali na ukuta.

4. Punje za uji wa mtoto zichaguliwe kwanza, kabla gunia la kuuza halijajazwa.

5. Punje mbovu zifukiwe. Zisipewe mifugo, kwani sumu hupita hata katika maziwa ya ng'ombe.

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili mkutanoni, akina mama na akina baba wakiwapo pamoja.

Maswali ya kujadili:

(a) Punje zinazokataliwa kwenye mizani ya chama huishia wapi?

(b) Je, ghala la chama lina vichaga vya kutosha?